Kuchagua mahali na namna ya kujifungua: kazi ya wiki ya 18 hadi ya 24

Mimba ikivuka nusu, kwa wengi kichefuchefu kimetulia na tumbo halijawa zito kiasi cha kukatisha safari. Hata aliyefika wiki ya 24 ana wiki 13 mbele yake kabla mtoto hajatimiza wiki 37. Huu ndio muda wa kuchagua. Anayesubiri mwezi wa tisa huwa anachaguliwa: anapokelewa na kituo kilicho karibu na mkunga aliyekutwa zamu, na maamuzi makubwa anaulizwa katikati ya uchungu.

Kazi hii ina mpangilio. Kwanza mwili wako unaruhusu nini, pili kituo kinaweza nini, tatu ndipo wewe unapenda nini. Wengi huanzia mwisho. Wanajadili mkao na maji ya uvuguvugu ilhali hawajui kondo la nyuma limejishika wapi.

Hatua ya 1: Fungua kadi ya kliniki, uisome mstari kwa mstari

Kadi nyingi husomwa na muuguzi tu. Chukua karatasi, ukae na kadi yako, uandike haya:

*Tarehe ya makadirio, na imepatikana vipi.* Altrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayokaribia ukweli zaidi. Ya miezi ya mwisho inaweza kupotoka kwa wiki 2 au 3. Jambo hili si dogo: uamuzi wa kuanzishiwa uchungu au wa kupanga upasuaji unahesabiwa kutoka tarehe hiyo. Tarehe ikiwa mbovu, mtoto atatolewa mchanga au ataachwa akapitiliza. Kama hujafanyiwa altrasaundi hata moja, ifanye kabla ya wiki ya 24.

*Kondo limekaa wapi.* Hili huonekana vizuri kwenye altrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22. Ukiambiwa “kondo liko chini”, usianze kupanga upasuaji. Mfuko wa uzazi hukua na sehemu ya chini hutanuka, hivyo kwa wanawake walio wengi kondo linajikuta juu. Rudia kipimo wiki ya 32, na likiwa bado chini, wiki ya 36. Likiwa limefunika mlango wa kizazi hadi mwisho, njia ni upasuaji tu. Katikati ya kusubiri, shika sheria moja: damu ikitoka, hata bila maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, umwambie wa kwanza atakayekupokea kwamba kondo lako liko chini, ili asikupime kwa vidole ukeni kabla ya altrasaundi.

*Wingi wa damu.* Chini ya 11 g/dl ni upungufu kwa mjamzito. (Katika miezi mitatu ya kati kiwango hushuka kidogo kwa sababu maji ya damu yameongezeka, kwa hiyo 10.7 katika wiki ya 22 si jambo la kutia hofu, ila ni la kufuatilia.) Mama mwenye damu ya kutosha akipoteza nusu lita wakati wa kujifungua huinuka, aliyeingia leba na 7 anaweza asiinuke. Nusu ya mimba iliyobaki inatosha kabisa kurekebisha. Dozi ya kinga ni miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kwa siku, na kwa mwenye upungufu daktari huipandisha. Kinachoharibu dawa hii mara nyingi ni kuimeza na chai au maziwa. Acha saa 1 au 2 kati yake.

*Kundi la damu.* Kama ni hasi, uliza kuhusu sindano ya anti-D (huzuia mwili wako kushambulia damu ya mtoto) ya wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua iwapo mtoto ana damu chanya. Si kila kituo kina sindano hiyo kabatini. Ukijua leo, una muda wa kuitafuta.

*Presha, sukari, maambukizi.* Presha ya 140/90 au zaidi inayoanza baada ya wiki ya 20 inataka ufuatiliaji wa hospitali. Kipimo cha sukari kwa kunywa gramu 75 za glukosi hufanywa wiki ya 24 hadi 28. Majibu ya VVU, kaswende na homa ya ini B yawe yameandikwa, siyo “yalipimwa”.

*Historia.* Umezaa mara ngapi, uliwahi kutokwa na damu nyingi, kondo lilibaki, ulichanika hadi kwenye haja kubwa, una kovu la upasuaji? Aliyewahi kutokwa na damu nyingi yuko katika hatari ya kurudia, hata kama mara ya mwisho alizaa “vizuri tu”.

Hatua ya 2: Tambua ni milango ipi iko wazi

Kama orodha yako ni safi na mtoto ni mmoja, milango yote iko wazi. Kama si safi, hali zifuatazo ndizo zinazochanganya watu.

Mtoto kutanguliza matako katika wiki ya 20 hakuna maana yoyote, bado anaogelea. Wakati wa kutimia ni 3 hadi 4 tu kati ya 100 wanaobaki hivyo. Akiwa hajageuka wiki ya 36, uliza kama kuna daktari anayeweza kumgeuza kwa mikono kutoka nje ya tumbo. Takribani nusu ya majaribio hufanikiwa, na hufanyika mahali penye chumba cha upasuaji karibu. Akikataa kugeuka, ndipo mnaongea kuhusu upasuaji, au kuhusu kuzaa kwa matako mbele ya mtu mwenye uzoefu wa kazi hiyo hasa.

Mapacha wanaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida iwapo wa kwanza ametanguliza kichwa, lakini hospitalini. Uliza kama wana kondo moja au mawili. Wenye kondo moja hutolewa mapema kidogo, kwa kawaida wiki ya 36 au ya 37.

Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri na virusi vimefubaa anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida. Kipimo cha wingi wa virusi kifanyike tena wiki ya 34 hadi 36, majibu yarudi kabla ya uchungu.

Presha na kisukari: hospitali, na uwezekano mkubwa wa kuanzishiwa uchungu kabla ya tarehe.

Kama una kovu

Hapa inafaa kutulia, kwa sababu ndipo mama wengi wanapoambiwa sentensi moja (“ukishapasuliwa ni kupasuliwa tu”) na mazungumzo yakaishia hapo. Si kweli. Kati ya wanawake 100 wenye kovu moja wanaojaribu njia ya kawaida, 60 hadi 80 hufanikiwa. Aliyewahi kuzaa kawaida, kabla au baada ya upasuaji, yuko upande wa juu wa hesabu hiyo.

Hatari inayoogopwa ni kovu kuachia wakati wa uchungu. Kwa kovu moja la mlalo sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, hutokea kwa takribani mwanamke 1 katika 200. Ni nadra, ila likitokea mama na mtoto wanahesabiwa kwa dakika, na ndiyo maana jaribio hili halifanyiki kwenye kituo kisicho na chumba cha upasuaji.

Angalizo: kovu la ngozi halisemi lolote kuhusu kovu la ndani. Mstari mzuri wa mlalo juu ya kinena unaweza kuficha mkato wa wima kwenye mfuko wa uzazi, na huo wa wima sehemu ya juu haujaribiwi kwa uchungu. Anayejua ukweli ni aliyeandika ripoti ya upasuaji. Kwa hiyo:

1. Nenda ulikopasuliwa, uombe nakala ya ripoti hiyo. Anza sasa, mafaili ya zamani huchukua wiki kadhaa kupatikana.
2. Tafuta mambo matatu: mkato wa mfuko wa uzazi ulikuwa wa aina gani, ulipasuliwa kwa sababu gani, na kama mkato ulipanuka au kuchanika zaidi.
3. Hesabu miezi tangu upasuaji hadi tarehe ya kujifungua. Chini ya miezi 18, hatari ya kovu kuachia huongezeka.
4. Uliza kondo la sasa limekaa wapi. Kondo la chini juu ya kovu la zamani linaweza kuzama ndani ya kovu na lisitoke kwa kuvutwa. Hilo linatakiwa kujulikana kabla, na upasuaji wake upangwe hospitali kubwa yenye damu ya kutosha.

Sababu ya upasuaji wa kwanza hubadili kila kitu. Aliyepasuliwa kwa kuwa mtoto alitanguliza matako hana tatizo la nyonga. Tatizo lilikuwa la mtoto yule. Na mwenye kovu akianzishiwa uchungu, dawa ya misoprosto haitumiki, kwa kuwa huzidisha hatari ya kovu kuachia. Liandike hilo, ulijue kwa moyo.

Hatua ya 3: Kakague kituo

Nenda mara mbili: mchana, na jioni au mwisho wa wiki. Kituo cha saa 4 asubuhi na kile cha saa 8 usiku vinaweza kuwa vituo viwili tofauti chini ya bati moja.

Huduma ya dharura ya uzazi hupimwa kwa mambo ya msingi saba: antibiotiki za sindano, dawa ya kubana mfuko wa uzazi, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba (magnesiamu salfeti), kutoa kondo lililobaki kwa mkono, kusafisha mabaki, kumsaidia mtoto kutoka kwa vakyumu (kifaa cha kumvuta kwa kichwa), na kumpulizia hewa mtoto asiyepumua. Kituo chenye haya saba kinatosha kwa mimba isiyo na tatizo, mradi njia ya rufaa ipo. Ukiongeza upasuaji na kuongeza damu, yanakuwa tisa, na hicho ndicho kituo cha mwenye kovu, mapacha, presha kali au historia ya kutokwa na damu.

Usiulize “mna huduma nzuri?” Utajibiwa ndiyo. Uliza hivi:

– Oksitosini mnaitunza wapi? Dawa hii, uniti 10 za sindano mara mtoto anapotoka, ndiyo kinga kuu ya kutokwa na damu, na joto huiua taratibu bila kubadilisha rangi yake. Jibu zuri ni friji, nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika kuna mbadala. Chupa iliyokaa juu ya dirisha wiki tatu inaweza kuwa maji yenye lebo.

– Mfuko wa kumpulizia mtoto hewa uko wapi? Mwombe akuonyeshe kwa kidole. Mtoto mmoja kati ya kumi hivi huhitaji msaada fulani ili aanze kupumua, na asiyepumua anatakiwa awe anapuliziwa hewa ndani ya dakika 1. Mfuko uliofungiwa kabatini, ufunguo ukiwa na mtu aliyeenda kula, haupo.

– Usiku kuna wakunga wangapi, na kwa kawaida akina mama wangapi?

– Daktari wa upasuaji na mtu wa usingizi (anayechoma ganzi na dawa ya usingizi) wanalala hapa au wanapigiwa simu? Wakipigiwa, wanafika kwa dakika ngapi?

– Damu ipo hapa hapa, au inafuatwa?

– Mkinipa rufaa, naenda wapi, kwa gari gani, na nani anapanda nami?

Sikiliza namna ya kujibu pia. Mkunga anayekuambia “hapa hatuna vakyumu, ukikwama tunakuhamisha, gari ni dakika 20” amekusaidia zaidi ya yule anayekuambia usiwe na wasiwasi. Anayekasirikia swali mchana atakuwaje saa 9 usiku?

Na nyumbani je?

Swali hili huulizwa kwa kunong’ona, nasi tulijibu kwa hesabu. Utafiti mkubwa wa England uliochapishwa 2011 uliwaangalia wanawake wenye mimba zisizo na tatizo. Waliopanga kujifungulia nyumbani kwa mimba ya kwanza, takribani 45 kati ya 100 walihamishiwa hospitali wakati wa uchungu au mara tu baada ya kuzaa. Kwa waliowahi kuzaa ni 12. Watoto wa mimba ya kwanza walipata madhara makubwa zaidi nyumbani, 9.3 kwa 1000 dhidi ya 5.3 hospitalini, kwa waliowahi kuzaa tofauti hiyo haikuonekana. Na hapo “nyumbani” maana yake ni wakunga waliosomea, wenye oksitosini na mfuko wa hewa, na hospitali iliyo tayari kupokea. Pakikosekana hivyo vyote, hesabu hizo hazikuhusu. Mama anayetokwa na damu bila tiba anaweza kufariki ndani ya saa 2. Kwa hiyo kigezo chetu ni kigumu: mimba ya kwanza, kovu, mapacha, presha, au safari ndefu kwenda kwenye upasuaji, usijifungulie nyumbani.

Hatua ya 4: Maumivu

Uliza kila kituo kina nini hasa, maana orodha ya dunia na orodha ya wodi yako ni vitu viwili.

*Bila dawa:* kutembea, kukandwa sehemu ya chini ya mgongo, maji ya uvuguvugu, pumzi ndefu za kutoa polepole. Kukanda kunafanya kazi zaidi kwa mkono uliokunjwa ngumi na kusukumwa kwa nguvu pale mfupa wa chini ya kiuno ulipo, uchungu unapoanza hadi unapoachia, siyo kupapasa. Mfundishe atakayekusindikiza kabla.

*Gesi:* mchanganyiko nusu kwa nusu wa oksijeni na naitrasi oksaidi. Inachukua kama nusu dakika kushika, hivyo ivute uchungu unapoanza. Ukisubiri kilele imechelewa.

*Pethidini na jamaa zake:* hupunguza, haziondoi. Huleta kichefuchefu na usingizi, na zikichomwa karibu na mtoto kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa mzito wa kupumua na mvivu wa kunyonya.

*Epidurali:* ganzi ya kuchomwa mgongoni, ndiyo kali kuliko zote. Hutaka mtu wa usingizi, presha ipimwe mara kwa mara kwa kuwa inaweza kushuka, na mtoto afuatiliwe. Haiongezi upasuaji kama wengi wanavyodhani, ila kipindi cha kusukuma kinaweza kurefuka na vakyumu kuhitajika zaidi. Kama mtu huyo wa usingizi yupo mchana tu, basi panga kana kwamba epidurali haipo.

Hatua ya 5: Mambo ya leba unayoweza kuyaomba

Mengi ambayo akina mama huyaogopa ni mazoea ya wodi, si ulazima wa tiba. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 inapendekeza mama awe na msindikizaji anayemtaka, anywe na kula kidogo kama hana hatari, achague mkao. Inasema pia kunyolewa na kuoshwa tumbo kwa kawaida si lazima, na kuongezewa njia (kukatwa msamba ili mtoto apite) kusifanywe kwa kila mtu. Ukijua hivyo unauliza kwa adabu: “Dada, kuongezewa njia hapa mnafanya kwa sababu zipi?” Jibu la “mimba ya kwanza wote” linakuambia mengi.

Jambo jingine la kujua kutoka kwenye miongozo hiyo: uchungu wenyewe unahesabiwa kuanzia njia ikifunguka sentimita 5, na si kila mwanamke anayefunguka sentimita 1 kila saa. Wanaolazwa wakiwa na sentimita 2 huchoka kwa kusubiri, kisha wanawekewa dripu ya kuharakisha jambo ambalo halijaanza. Kama mambo mengine ni shwari na kwenu si mbali, unaweza kusubiri nyumbani mpaka uchungu unakuja kila dakika 5, unakaa dakika 1, na umeendelea hivyo kwa saa 1. Aliyewahi kuzaa atoke mapema zaidi, na anayeishi mbali asisubiri hesabu hiyo.

Mkao wa kusukuma: kulalia ubavu, kupiga magoti na mikono, kuchuchumaa kwa kushikilia kitu. Chali ndiyo rahisi kwa mkunga, si kwa nyonga. Kuanzia wiki ya 34, kuukanda msamba kwa mafuta safi, dakika 5 hadi 10, hupunguza kuchanika kwa anayezaa mara ya kwanza.

Mtoto akitoka: awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kitovu kisikatwe kabla ya dakika 1 kama analia vizuri, anyonye ndani ya saa ya kwanza.

Hatua ya 6: Elewa njia mbili za kupangiwa tarehe

*Kuanzishiwa uchungu* hushauriwa ukitimiza wiki 41, au mapema kwa presha, kisukari na chupa iliyopasuka bila uchungu. Njia ni puto dogo kwenye mlango wa kizazi, misoprosto kwa dozi ndogo ya maikrogramu 25, kupasua chupa, na dripu ya oksitosini. Mlango usiolainika unaweza kuchukua siku nzima hadi mbili. Upasuaji mwingi wa “imeshindikana” ni wa watu ambao hawakupewa muda. Uliza: mnasubiri saa ngapi kabla ya kusema imeshindikana?

*Upasuaji wa kupanga* kwa kawaida hufanywa wiki ya 39. Ukifanywa wiki ya 37 kwa sababu tu tarehe inapendeza, mtoto ana nafasi kubwa zaidi ya kupumua kwa shida, kwa vile uchungu na wiki za mwisho ndivyo vinavyokausha maji mapafuni. Huli chakula kizito ndani ya saa 6 kabla. Ganzi huchomwa mgongoni ukiwa umekaa umeinama; nusu kaputi ni kwa dharura au ganzi ikikataa. Unawekewa mpira wa mkojo, antibiotiki inachomwa kabla ya kisu, na kazi yote huisha ndani ya saa 1 hivi. Amka utembee ndani ya siku moja, maana miguu iliyolala huganda damu.

Kama unautaka bila sababu ya kitabibu, ni haki yako kuujadili, ila weka mezani idadi ya watoto unaowataka. Kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo kuzama kwenye kovu katika mimba inayofuata. Kwa mtoto mmoja au wawili hesabu ni tofauti kabisa na kwa watano.

Hatua ya 7: Andika nusu ukurasa

Mipango ya kurasa tatu haisomwi. Mstari wa kwanza uwe wa kitabibu, mapendeleo yafuate, na mwisho nani ataamua usipoweza. Mfano:

“Mimba ya 2. Kovu 1 la mlalo, ripoti imeambatishwa. Damu O hasi. Mzio wa penisilini. Nataka kujaribu njia ya kawaida, nisipewe misoprosto. Msindikizaji: dada yangu, simu hii. Niambiwe kabla ya kuongezewa njia. Upasuaji ukihitajika nimekubali. Nielezwe sababu, mtoto akitolewa apewe dada kifuani kama mimi siwezi. Nikizimia, mwenye kusema kwa niaba yangu ni mume wangu.”

Mstari wa mwisho usiruke. Ucheleweshaji mwingi hutokea kwa sababu mwenye kauli ndani ya nyumba hayupo, na wengine wanaogopa kuamua. Kaeni naye sasa, mkubaliane kwa maneno ya wazi kwamba akikosekana kwenye simu kwa dakika 10, nani anaamua.

Hatua ya 8: Ijaribu safari

Pitia njia yenyewe, kwa chombo kile kile, usiku na siku ya mvua kama inawezekana. Andika dakika. Weka namba za madereva wawili, si mmoja. Tafuta watu wawili wa kundi la damu linalokufaa walio tayari kuchangia. Fedha za safari na za kuanzia ziwe mahali ambapo mtu mwingine pia anaweza kuzichukua.

Wakati wowote kuanzia sasa, mpango wote unawekwa kando na unaenda hospitali ukiona: damu ukeni, maumivu makali ya kichwa au kuona maluweluwe, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, maji kutoka, homa, degedege, uchungu kabla ya wiki 37, au mtoto uliyezoea kucheza kwake amepunguza. Uchungu wa mapema ukikukuta kati ya wiki ya 24 na 34, kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na hufanya kazi vizuri zaidi zikipata siku moja au mbili kabla hajazaliwa, kwa hiyo usilale nao nyumbani ukisubiri kupambazuke.

Karatasi yako uirudie mara tatu: wiki ya 28 baada ya majibu ya sukari na damu, wiki ya 32 kama kondo lilikuwa chini, wiki ya 36 mtoto akishajulikana ameelekeza nini. Kila ukibadilisha kitu, andika tarehe, uichane ya zamani. Ikunje ndani ya kadi ya kliniki, na kadi ikae juu kabisa ya begi, siyo chini ya nguo za mtoto.